Ulimi Hulala Wapi?

Mazungumzo na wanakwaya na waumini, siku ya mafungo ya kujiandaa kwa Jubilei



Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wetu, walezi wetu, wanakwaya wa zamani mliotoka Homa Bay, Siaya, Vihiga na kwingineko, na nyinyi waumini mlioketi huko nyuma mkidhani mambo haya hayawahusu: karibuni. Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya matamshi na lafudhi. Harufu ya mandazi imeshanifikia hapa mbele, kwa hiyo nitajitahidi nisizidishe.

Tuanze na jaribio dogo. Fungeni midomo, msiseme kitu. Kila mtu ajiulize: ncha ya ulimi wangu imelala wapi? Wengine mtaikuta nyuma ya meno ya juu. Wengine imelala chini, imegusa meno ya chini. Sasa, bado mdomo ukiwa umefungwa, jiandae kusema neno "shangwe". Usiliseme, jiandae tu. Halafu jiandae kusema "Nyasaye". Umehisi? Ulimi umesogea kabla ya sauti yoyote kutoka. Huko kusogea, na mahali ulipoanzia safari yake, ndiko kunakoitwa lafudhi. Masikio ya watu huipata lafudhi mwishoni kabisa. Ulimi huwa umekwisha kuamua zamani.

Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa fonetiki huko Uingereza, Beatrice Honikman, aliandika makala akisema kila lugha ina mkao wake wa kinywa: jinsi taya linavyokaa, midomo inavyolegea au kukaza, na ulimi unavyojiegemeza. Kiingereza, alisema, huegemeza kingo za ulimi kwenye magego ya juu. Miaka 40 baadaye, mwaka 2004, Bryan Gick na wenzake walitumia picha za eksirei wakatazama ulimi wa watu wakati wa kituo kidogo kati ya sentensi na sentensi, yaani wakati hawasemi chochote. Wakaona kwamba ulimi wa msemaji wa Kiingereza na ule wa msemaji wa Kifaransa cha Kanada haulali mahali pamoja hata ukiwa kimya. Kwa maneno mengine, hata unyamavu wetu una lafudhi.

Nimeanza na hilo kwa sababu sisi hapa Kisumu tumezoea kuichukulia lafudhi kana kwamba ni cheti cha shule. Mtu akisema "samba" badala ya "shamba" tunasema hajasoma. Vijana wana neno lao, wanasema fulani "anashrabu", na kicheko kinafuata. Nimesikia maprofesa wakishrabu. Nimesikia pia watoto wa darasa la pili wasioshrabu hata kidogo. Elimu haihusiki sana. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na uwezo wa kubagua sauti za lugha nyingi, hata asizowahi kuzisikia. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba uwezo huo hupungua sana kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Sikio linajifunga kwa lugha ya nyumbani, na ulimi unalifuata sikio. Kwa hiyo huyo unayemcheka alikuwa mgongoni kwa mama yake jambo hili lilipoamuliwa.

Na huyo mama, hapa kwetu, mara nyingi aliongea Dholuo. Tuutazame basi ulimi wa Dholuo, kwa kuwa ndio ulio wengi katika kwaya hii. Jina lenyewe lina somo. Waswahili hutaja lugha kwa "ki", Kiswahili, Kijapani. Mjaluo husema "dho", na dho ni mdomo. Lugha ya Waluo ni mdomo wa Waluo. Ulimi wenyewe ni "lep".

Jambo la kwanza ni kwamba mdomo huo unapenda meno. Mtoto wa Kijaluo anajua toka utotoni tofauti ya "tim" na "thim". Moja ni kutenda, ni mwenendo wa mtu. Nyingine ni nyika, porini. Kinachozitenganisha ni nusu ya urefu wa kucha: katika "tim" ncha ya ulimi inagusa ufizi, katika "thim" inagusa meno. Ndiyo maana Mjaluo hasumbuliwi na "thamani", "thawabu" wala "dhambi" katika nyimbo za Kiswahili, huku majirani zake wengine wakiimba "samani" na "zambi". Samani ni viti na meza, ndugu zangu. Hapo Mjaluo amesaidiwa na mama yake, ingawa hakuna anayempigia makofi.

Jambo la pili ni la ndani zaidi na ndilo lenye utajiri. Tunaandika Dholuo kwa irabu 5, a, e, i, o, u, kwa sababu ndizo herufi walizokuja nazo wamisionari. Lakini kinywani irabu ni 9. Chukua neno "kech". Lina maana ya njaa, na lina maana ya uchungu wa kitu kikali ulimini. Kwenye karatasi ni neno moja. Kwa sikio la nyanya yangu ni maneno mawili yasiyokutana. Tofauti haiko kwenye midomo wala kwenye ncha ya ulimi, iko kwenye shina lake, huko chini kabisa karibu na koromeo. Shina likisukumwa mbele, koo linapanuka na sauti inakuwa nzito, yenye mvumo, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Shina likirudi nyuma, koo linabana na sauti inakuwa kavu na wazi. Wamaasai na Wakalenjin nao wana jambo la aina hii. Mwaka 1978 Leon Jacobson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika utafiti mzima juu ya irabu za Dholuo na ulinganifu wake, na hapa nyumbani Duncan Okoth-Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilichambua suala hili kwa kina miaka ya 1980.

Tena irabu hizo hazichanganyiki ovyo. Ndani ya neno moja la Dholuo kwa kawaida zote huwa za upande mmoja: ama shina la ulimi liko mbele, ama liko nyuma. Mkitaka kujua, jaribuni kupiga miayo mdomo ukiwa umefungwa. Ule upana mnaousikia kooni ndio mlango wa zile irabu nzito. Walimu wa sauti wa Ulaya hulipwa fedha nyingi kuwafundisha waimbaji wafungue koo namna hiyo. Mama zetu wa sauti ya pili walizaliwa nao.

Sasa upande ule mwingine, ule wa vicheko. Dholuo haina "sh", haina "z", haina "v". Ulimi ambao haujawahi kutumwa mahali fulani hautafika huko kwa kukaripiwa. Unakwenda mahali pa karibu zaidi unapopajua, na mahali hapo ni "s" na "f". Basi "vitu" vikawa "fitu", "mshumaa" ukawa "msumaa". Mara nyingi hakuna madhara. Lakini kwaya ni lazima ifahamike, na kuna maneno machache yanayogeuka maana kabisa. "Zaburi" ikiimbwa "saburi" inakuwa subira. Si neno baya, ila siyo lililoandikwa. "Shindano" la kwaya linakuwa "sindano" ya kwaya. Na tukiimba juu ya "uzima" kwa "s", ndugu zetu wa Mombasa watadhani tunaahidiwa sima, na sima kwao ni ugali. Mimi sioni ubaya wa kuahidiwa ugali, lakini mtunzi hakukusudia hivyo.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye uzito. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia vita vya watu wa Gileadi na watu wa Efraimu. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, shibolethi. Mwefraimu hakuweza "sh", akasema "sibolethi", akauawa. Andiko linataja watu 42,000. Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara naona jinsi inavyotuhusu, kwa sababu sauti iliyowaua wale watu ndiyo hasa sauti ambayo ulimi wa ziwani hauna. Mjaluo angefika kwenye kivuko kile, asingevuka.

Na msiniambie hayo ni ya kale. Sote hapa tulio na umri tunakumbuka miezi ya kwanza ya mwaka 2008. Kwenye barabara za nchi hii watu walisimamishwa, wakatambuliwa kwa vitambulisho vyao na kwa namna walivyoongea. Kuna watu walionyamaza ndani ya gari safari nzima ili ulimi wao usiwataje. Ndiyo sababu sicheki mtu akiigiza lafudhi ya kabila jingine katika sherehe za kanisa. Inaweza kuwa utani, na utani baina ya majirani ni kitu kizuri, lakini anayeigizwa anajua mchezo huo unaweza kufika wapi.

Petro naye alitajwa na ulimi wake. Katika Mathayo 26, pale uani usiku ule, watu waliosimama karibu naye walimwambia kwamba ni mmoja wao kwa kuwa usemi wake ulimtambulisha. Alikuwa mtu wa Galilaya, mvuvi wa ziwa, kama wale wa Dunga na Usenge. Baadaye, katika Matendo ya Mitume sura ya 2, Roho anashuka, wanafunzi wanasema kwa lugha nyingi, na umati unashangaa: si hawa wote ni Wagalilaya? Nionavyo mimi, umati ule ulijuaje? Luka hasemi. Lakini nadhani lafudhi ya Galilaya ilikuwa bado ipo. Walipewa lugha za watu wengine bila kupokonywa ulimi wa kwao. Wataalamu wa Maandiko waliomo humu wanisahihishe wakati wa chai.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu katika kikao cha maandalizi ilitolewa rai kwamba wasomaji na waimbaji wa peke yao siku ya Jubilei wachaguliwe kwa "lafudhi safi". Aliyeitoa ana nia njema, anataka siku ipendeze. Hata hivyo naipinga mbele yenu wote. Tukiifuata, tutakuwa na wasomaji wanne, wote wamekulia Nairobi, na mama aliyeimba sauti ya pili tangu kwaya hii iwe na watu 11 na ngoma moja atakaa kimya siku ya Jubilei yake mwenyewe. Kipimo changu ni kingine: je, mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, anaelewa neno? Akielewa, msomaji asome. Asipoelewa, tumsaidie, na kusaidia kunawezekana.

Tena, hiyo "safi" ni ya nani? Kiswahili tunachokiita sanifu kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kilichochaguliwa ni Kiunguja, cha Zanzibar. Mvita aliyekuwa hapo Mombasa, mwenye mashairi ya karne nyingi, aliambiwa cha kwake si sanifu. Mzee wa Mombasa hutofautisha "paa" la nyumba na "paa" mnyama kwa pumzi inayotoka baada ya "p". Mwandiko wetu hauionyeshi pumzi hiyo, na wengi wetu hatuisikii. Kwa hiyo hata mwenye lugha anaweza kukutwa ana lafudhi.

Turudi kwenye msaada. Mwalimu akikwambia "sema sh" ukashindwa, akakwambia tena kwa sauti kubwa zaidi, hajakufundisha. Umesikia tu kwamba amekasirika. Ulimi hufundishwa kwa kuonyeshwa njia kutoka mahali unapopajua. Wewe Mjaluo unayo "ch", unaitumia kila siku, "chak" ni maziwa, "chiemo" ni chakula. Sema "ch" taratibu, na ukifika mwisho wake usifunge, endelea kupuliza. Pumzi hiyo inayobaki baada ya "ch" ndiyo "sh". Ilikuwa ndani ya maziwa yako siku zote. Au anza na "s" ndefu, kisha uvute ulimi nyuma kidogo juu ya kaakaa, kama mtu anayerudisha kiti nyuma, na midomo uisogeze mbele. Sikilizeni "s" inavyoshuka na kuwa nzito. Tujaribu pamoja: sssss, shhhhh. Vizuri. Besi, nyinyi mmelala.

"Z" ni rahisi zaidi. Ni "s" ile ile, ulimi hausogei hata kidogo, ila nyuzi za sauti kooni zinatetemeka. Weka vidole kooni, sema "sss", kimya. Sasa mwige mbu wa Nyalenda usiku. Umehisi mtetemo? Hiyo ni "z". "V" ni "f" iliyowashwa kwa njia hiyo hiyo. Dakika tano kila Jumamosi kabla ya noti, kwa wiki nane, na "saburi" itarudi kuwa "zaburi" bila mtu kuaibishwa.

Wengine nao wana njia zao. Baadhi ya ndugu zetu Waluhya, lugha zao huweka "b", "d" na "g" baada ya "m" au "n" tu. Zikisimama peke yake, "gari" inakuwa "kari", na "baba" anakuwa "papa", ambaye ni samaki mkali. Dawa yao ni kuanza na "mb" ambayo wanayo: sema "mbaba", kisha punguza ile "m" kidogo kidogo mpaka iishe. Mkisii, ambaye lugha yake ina "r" lakini haina "l", akiimba "areruya" hana kosa la imani. Ncha ya ulimi wake inagonga mara moja na kuondoka. Mwambie aiache hapo hapo juu, isiondoke, sauti ipite pembeni. Mlogoli yeye ana "v" yake tangu Vihiga, basi akae karibu na Mjaluo amkopeshe.

Kuna zawadi pia. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na lugha za jamaa yake, za Kibantu, aghalabu hufanya hivyo. Ndiyo sababu mwimbaji wa lugha hizo akikutana na neno la Kilatini linaloishia kwa konsonanti, huongeza ka-irabu mwishoni, na besi wote wanachelewa. Mjaluo anafunga neno bila taabu: "wer", "thum", "lep". Kwa hiyo kwenye Kilatini, miisho wafuateni Wajaluo. Kwenye "excelsis" msiwafuate, maana kwa matamshi ya Kirumi katikati yake mna "sh".

Kilatini chenyewe kinafaa kutuliza mioyo. Ni lugha isiyo na kijiji, hakuna anayeiongea na mama yake, lakini Wafaransa walikiimba kwa ulimi wa Kifaransa, Wajerumani kwa wa Kijerumani, Waingereza kwa wao. Mwaka 1912 Papa Pius X alimwandikia Askofu Mkuu wa Bourges, Ufaransa, akifurahia kwamba matamshi ya Kirumi yalikuwa yakienea huko. Maaskofu wa Ufaransa, basi, nao walihitaji mazoezi ya matamshi. Na mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Kamina, Kongo, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifanya kazi na waimbaji Wakongo wakatoa Missa Luba: maneno ni ya Kilatini, mwendo ni wa kwao, na ulimi ni wa kwao. Santuri hiyo ilisikilizwa Ulaya na Marekani, na sijasikia kwamba kuna aliyeirudisha dukani kwa sababu ya lafudhi.

Nimechukua muda mrefu juu ya Kiswahili na Kilatini, lakini hofu yangu kubwa haiko huko. Iko kwa watoto wetu na Dholuo. Mtoto aliyelelewa Milimani au Riat kwa Kiingereza, akiimba wimbo wa Dholuo, anasoma herufi 5 na kuimba irabu 5. Zile 9 hazipo. Shina la ulimi halisogei. Sauti inatoka safi, solfa ni sahihi, na mzee aliyeketi mbele anageuka kumuuliza jirani yake: wanaimba lugha gani hawa? Tena hapo kicheko kinageuka upande. Wazee wanamcheka mtoto, mtoto anasema basi siimbi Dholuo, na safari ya kupotea kwa wimbo inaanza. Tusidhani haiwezekani. Vukeni hadi Rusinga na Mfangano. Wasuba wa huko walikuwa na lugha yao ya Kibantu, na leo watoto wengi wa visiwa hivyo wanakua na Dholuo vinywani. Ulimi wa jamii nzima umehamia mkao mwingine, bila amri ya mtu, nyumba moja baada ya nyingine.

Nyimbo zenyewe nazo zina lawama. Dholuo ni lugha ya toni: neno hupanda na kushuka, na kupanda huko ni sehemu ya maana yake. Nyimbo nyingi tulizorithi ni tuni za Ulaya zilizovishwa maneno ya Dholuo. Tuni inapanda pale neno linapotaka kushuka, na mtoto asiyeijua lugha hana njia ya kulitambua neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha na muziki wa wenyeji, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, watunzi wetu walipata nafasi ya kuanza na neno lenyewe na kulitafutia tuni inayolifuata. Nyimbo zilizotungwa hivyo ndizo zinazofundishika. Mwalimu, nakuomba katika mwaka huu wa Jubilei tuongeze hizo na tupunguze zile nyingine, hata kama baadhi yake tunazipenda. Mimi mwenyewe ninazo mbili ambazo nitazililia.

Neno moja kwa soprano. Noti ikipanda sana, taya lazima lifunguke, na irabu zote huanza kufanana na "a". Hata Wataliano hawaliepuki hilo. Kwa hiyo msijilaumu neno likififia huko juu. Ila kwa nyimbo za Dholuo naomba tushushe ufunguo kidogo, ili irabu nzito zipate mahali pa kusikika. Nyanya zetu hawakuimba juu hivyo, na walisikika ng'ambo ya pili ya kilima.

Sasa jambo la kufanya, na ni dogo. Wimbo wa matoleo wa siku ya Jubilei ni wa Dholuo. Nimewaomba mama watatu wa sauti ya pili na baba mmoja wa besi waje mapema Jumamosi hii. Watausema wimbo huo, watausema tu bila kuuimba, mstari kwa mstari, polepole. Vijana mtakuwa na karatasi zenu. Kila mtakaposikia irabu nzito, ile ya koo lililopanuka, wekeni nukta juu ya herufi. Msipokuwa na hakika, inueni mkono, mama atarudia. Wazee, mkirudia msicheke. Tukimaliza tutalinganisha nukta, kisha tutauimba tukiwa na makaratasi hayo, na tutayahifadhi pamoja na noti za kwaya.

Kwa wasomaji wa masomo, nitakuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye kiti cha mwisho, nikiwasikiliza. Tutaanza na "ch".

Jumamosi ni saa nane mchana. Njooni na penseli, si kalamu, kwa sababu mama watasahihishana.